Chakula cha Bure cha Mwaka Mzima: Maana Yake Hasa ni Nini?

Hakuna tangazo liingialo moyoni mwa mwanadamu kwa wepesi kama lile limwahidilo chakula. Mtu aweza kupita mbele ya picha ya gari au ya jumba la fahari asigeuze shingo, lakini akiambiwa kwamba yuko atakayemlisha mwaka mzima bila kumtoza hata senti moja, atasimama na kusikiliza. Wala si ajabu, kwani njaa ni mdai ambaye hulipwa leo, na kesho asubuhi akarudi tena mlangoni. Wazazi hawana hesabu waifanyayo mara nyingi kuliko hesabu ya unga, mafuta na mboga. Kwa hiyo anayeahidi chakula cha mwaka mzima ameahidi zaidi ya shibe: ameahidi kuiondoa hofu ya kesho.

Katika zama zetu hizi ahadi hiyo imekuwa chombo cha biashara. Makampuni ya nchi nyingi huitumia kuwavuta wateja, na watu huikimbilia kwa furaha. Ndugu zetu walioingia katika Uislamu karibuni, na wale ambao wangali wakiuchunguza, huuliza mara kwa mara: Je, yafaa kwa mcha Mungu kushindania zawadi ya namna hiyo? Na akiipata, amepata nini hasa? Maswali haya mawili yastahili kujibiwa, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Hesabu ya zawadi yenyewe

Na tuchukue mfano mmoja ulio mashuhuri. Huko Marekani iko kampuni ya mikahawa iitwayo Chick-fil-A, iuzayo vyakula vya kuku. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ilishika desturi kwamba kila ifunguapo mkahawa mpya, watu 100 wa kwanza hupewa chakula cha bure cha mwaka mzima. Watu walikuja na mahema na mablanketi, wakapiga kambi katika uwanja wa kuegesha magari muda wa saa 24, liwe jua au mvua, wakingojea milango ifunguliwe. Waliofika mapema wakiwa zaidi ya 100, kura ilipigwa. Kambi hizo zilisimamishwa mwaka 2020 ulipoenea ugonjwa wa korona.

Sasa, hicho chakula cha mwaka mzima kilikuwa kiasi gani? Kilikuwa milo 52, kila mlo sandwichi ya kuku, viazi vya kukaanga na kinywaji. Yaani mlo mmoja kwa kila juma. Kampuni haikumdanganya mtu, kwa sababu idadi hiyo ilijulikana waziwazi. Hata hivyo, hebu tupige hesabu sisi wenyewe. Mtu alaye mara tatu kwa siku hula milo 1,095 kwa mwaka. Ukitoa ile 52 aliyopewa, imebaki milo 1,043 ambayo lazima aitafute kwa jasho lake kama alivyoitafuta mwaka uliopita. Katika kila milo 21, mmoja tu ndio uliolipiwa na mwingine. Na mke wake na watoto wake hawakuhesabiwa kabisa.

Tena mlo huo haukuwa wa bure kwa maana kamili. Mshindi aliulipia kwa usiku mmoja wa umri wake, nao umri ndio mtaji usionunulika kwa bei yoyote. Pengine usiku ule ulikuwa wa furaha na urafiki, wala hatumlaumu mtu kwa hilo. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba neno lililowavuta watu si "milo 52." Neno lililowavuta ni "mwaka." Moyo wa mwanadamu wautamani mwaka mzima usio na wasiwasi, naye mfanyabiashara ajua tamaa hiyo ilipo. Lakini mwaka haumo katika ghala la mtu yeyote. Anayetoa zawadi aweza kutoa kuku na mkate; hawezi kumpa mpokeaji siku 365 za kuvila, wala meno, wala afya ya tumbo, wala amani ya nyumba. Hivyo vyote vyatoka kwa Mwingine, naye havitangazi.

Je, ni halali?

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mchezo ulioitwa maisiri, na yafaa msomaji aangalie kwamba mchezo huo ulikuwa wa kushindania chakula. Wafasiri wa Kurani Tukufu wanaeleza jinsi ulivyochezwa. Wakati wa baridi, chakula kilipoadimika, watu walinunua ngamia, wakamchinja na kumgawa mafungu. Kisha ilitumika mishale 10. Saba kati yake ilikuwa na alama, wa kwanza ukiwa na fungu moja, wa pili mafungu mawili, hata wa saba mafungu saba. Na mitatu ilikuwa mitupu. Mishale ikatiwa katika mfuko na kutolewa mmoja mmoja kwa majina ya wachezaji. Aliyetokewa na mshale wenye alama alitwaa nyama. Waliotokewa na mishale mitupu hawakupata kitu, nao ndio waliobebeshwa bei ya ngamia. Zaidi ya hayo, mara nyingi washindi hawakuila nyama ile. Waliwapa maskini na kujifakharisha kwa ukarimu wao, na mtu aliyekataa kucheza alihesabiwa kuwa bahili.

Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, haikukana kwamba kamari ina faida fulani kwa watu. Maskini walikula nyama! Lakini ikatamka kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake. Na katika Sura Al-Maida ikaikataza kabisa, na kuieleza sababu yake, kwamba shetani huitumia kutia uadui na bughudha kati ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Chakula cha huyu kilitoka katika hasara ya yule. Hata kilipofika mkononi mwa maskini, kilifika kikiwa na kinyongo cha aliyeshindwa.

Kutokana na mafundisho hayo twapata kipimo rahisi ambacho kila mtu aweza kukitumia mwenyewe. Uliza: chakula cha mshindi kimetoka wapi? Kama kimetoka katika mifuko ya walioshindwa, kila mmoja akiwa ameweka fedha yake kwa matumaini ya kuichukua ya wenzake, basi hiyo ni kamari, iitwe bahati nasibu au iitwe jina jingine zuri zaidi. Ndivyo ilivyo michezo ya kubahatisha inayochezwa leo kwa simu katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki, ambayo imewafanya vijana wengi kuweka nauli na karo wakingojea matokeo ya mpira. Lakini kama chakula kimetoka katika mali ya mtoaji mwenyewe, wala hakuna aliyeweka kitu akakipoteza, basi hiyo ni hiba, na kupokea hiba ni halali.

Kati ya mawili hayo iko njia nyembamba. Mtu anunuaye sabuni aihitajiyo, kwa bei yake ya siku zote, akakuta ndani yake kuponi ya zawadi, hana lawama. Lakini yule anunuaye sabuni 10 asizozihitaji kwa ajili ya kuponi, ajihesabu vizuri: fedha yake haikulipia sabuni, ililipia mshale katika mfuko.

Kuweka akiba si dhambi

Wengine wamefikiri kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kuishi bila ghala. Fikara hiyo si sahihi. Wahenga wetu walisema: Akiba haiozi. Lakini wasomaji wetu waliosoma Biblia watakumbuka akiba iliyooza. Katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa 16, twasoma kwamba wana wa Israeli walipewa mana jangwani, kila mtu kipimo chake cha siku, nao wakaambiwa wasiiweke hata asubuhi. Baadhi yao wakaiweka, ikaingia mabuu na kunuka. Lakini angalia jambo la ajabu lililomo katika mlango huohuo: siku ya sita waliamriwa kukusanya sehemu mbili kwa ajili ya Sabato, nayo mana ile ile iliyowekwa haikuoza. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika kuweka. Ubaya ulikuwa katika moyo uliowekea kwa hofu, usiomwamini Mlishaji kwamba kesho naye atakuwapo.

Nabii Yusufu a.s. naye aliweka akiba, wala si ya mwaka mmoja bali ya miaka saba. Kurani Tukufu yatueleza kwamba aliagiza nafaka iachwe katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Na aliyeketi juu ya ghala kubwa kuliko yote ya Misri alilitumia kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watu wa nchi ile iliyomtia gerezani, na kwa ajili ya ndugu waliomtupa kisimani. Ghala lake halikuwa zawadi aliyoishinda. Lilikuwa amana aliyoichunga.

Chakula cha mwaka katika nyumba ya Mtume

Sasa twafika kwenye mfano ulio karibu kabisa na maudhui yetu. Si wasomaji wengi wajuao kwamba Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alipata kuwa na chakula cha mwaka mzima. Katika mkusanyo wa Hadithi wa Imam Bukhari imesimuliwa na Hadhrat Umar r.a. kwamba, kutokana na mitende ya Bani Nadhir iliyomfikia Mtume katika mwaka wa 4 Hijria, yaani mwaka 625, alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Basi hapana anayeweza kusema kwamba kuwawekea wake na watoto chakula cha miezi 12 ni upungufu wa imani. Mbora wa wenye kumtegemea Mungu alifanya hivyo.

Lakini katika mkusanyo huohuo imo Hadithi ya pili. Bibi Aisha r.a. anasimulia kwamba Mtume s.a.w. alipofariki mwaka 632, deraya yake ya vita ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja, kwa ajili ya pishi 30 za shayiri alizokopa kwa chakula.

Ndugu msomaji, ziweke Hadithi hizi mbili pamoja na uzitafakari. Mtu aliyekuwa akiwekewa chakula cha mwaka akafa akidaiwa shayiri! Je, chakula kile kilikwenda wapi? Wanavyuoni walioisherehesha habari hii wamejibu kwamba akiba iliwekwa kweli, lakini mwaka haukwisha kabla haijakwisha, kwa sababu wageni walikuja, wahitaji walibisha hodi, na mlango haukufungwa. Wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mtawala wa Arabuni, na angelitaka, hazina zingefunguliwa mbele yake. Basi chakula cha mwaka katika nyumba ile hakikuwa ukuta wa kuwazuilia watu njaa ya wengine. Kilikuwa kama kisima: maji yake ni ya mwenye nyumba, lakini kamba na ndoo zimewekwa nje.

Hadhrat Umar na kipimo cha haki

Wanafunzi wake walilifahamu somo hilo. Hadhrat Umar r.a., aliyekuwa Khalifa tangu mwaka 634 hata 644, alipotaka kuwagawia Waislamu chakula kutoka Hazina ya Umma, hakukisia. Mwanahistoria Al-Baladhuri ameeleza kwamba aliamuru kipimo kimoja cha nafaka, kilichoitwa jaribu, kisagwe, kikandwe na kuokwa mikate, kisha akawaita watu 30 wakala chakula cha mchana hata wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo kwa kipimo cha pili. Ndipo akakata hesabu: kama vipimo viwili vimewashibisha watu 30 kwa siku moja, basi vipimo viwili vyamtosha mtu mmoja kwa siku 30. Akaamuru kila mtu apewe vipimo hivyo kila mwezi, mwanamume, mwanamke, hata mtumwa.

Linganisha kipimo hiki na kile tulichokitaja mwanzoni. Kule mwaka mzima ulikuwa na milo 52, ukawafikia 100 waliotangulia au waliotokewa na kura. Huku mwezi ulikuwa na shibe ya siku 30, kwa kupimwa katika sufuria na kuthibitishwa katika matumbo ya watu, ukamfikia pia yule asiyeweza kusimama foleni: mgonjwa, mjane, na mtumwa aliye kazini. Mfanyabiashara huanza na neno kubwa kisha akatafuta kiasi kidogo kitakachotosha kuliita kwa neno hilo. Khalifa alianza na tumbo la mtu.

Na ilipofika mwaka wa 18 Hijria, yaani mwaka 639, ukame mkali ukaipiga Arabuni, mwaka ambao wanahistoria wauita Mwaka wa Majivu. Hadhrat Umar r.a. aliagiza misafara ya chakula kutoka Shamu, na yeye mwenyewe akajizuia siagi na nyama mpaka watu wapate nafuu. Alikula mafuta hata rangi ya uso wake ikabadilika. Yeye ambaye chakula chake kilikuwa na dhamana kuliko cha mtu mwingine yeyote, alikataa kushiba peke yake.

Mlo wa bure una hesabu yake

Basi mtu aliyejaliwa chakula asichokilipia amepata nini? Jibu limo katika kisa kilichosimuliwa na Imam Muslim. Siku moja Mtume s.a.w. alitoka nyumbani akawakuta Hadhrat Abubakar na Hadhrat Umar r.a., na wote watatu kilichowatoa nje kilikuwa njaa. Wakaenda kwa mmoja wa Ansari, naye akafurahi mno, akawaletea tende, akawachinjia mnyama, na kuwapa maji ya kunywa. Walipokwisha kushiba Mtume s.a.w. aliwaambia masahaba wake wawili kwamba Siku ya Kiyama wataulizwa juu ya neema ile, kwa kuwa walitoka makwao na njaa, na hawakurejea ila wameshiba.

Fikiri jambo hili! Watu watatu wenye njaa kweli, mlo mmoja, uliotolewa kwa mapenzi na mwenye mali yake. Na bado una hesabu. Itakuwaje basi milo 52? Itakuwaje ghala la mwaka? Kitu hakiwi bure kwa sababu tu mpokeaji hakukilipa kwa fedha. Hubadilika tu yule anayedai. Ukinunua mkate, mdai wako ni mwenye duka, na ukimlipa mmeachana. Ukipewa mkate, mdai wako ni Mwenye kuruzuku, naye amemweka maskini kuwa mpokeaji wa deni hilo.

Ndiyo sababu Kurani Tukufu ihesabupo milo, huihesabu kwa upande wa kutoa. Aliyevunja kiapo alishe maskini 10, kwa chakula cha wastani awalishacho watu wa nyumba yake. Aliyemwambia mkewe kwamba amekuwa kwake kama mama, akashindwa kumwacha huru mtumwa na kufunga miezi miwili, alishe maskini 60. Asiyeweza kufunga Ramadhani alishe maskini kwa siku zake. Hesabu zote hizi ni za milo iliyotoka nyumbani kwa mtu ikaenda kwa mwenye njaa. Katika daftari la mbinguni, mlo ulioupata si ushindi bado. Huandikwa ushindi ulipoupitisha.

Mpendwa msomaji, haya si maneno ya waliobahatika huko ng'ambo peke yao. Ni wachache watakaoshinda zawadi ya tangazo, lakini ni wengi ambao mwaka huu wamekula kwa bure bila kutambua: shamba lililozaa kuliko mbegu, mjomba aliyeleta gunia la mchele, mwajiri alishaye wafanyakazi wake mchana, mvua iliyonyesha kwa wakati wake. Kila mmoja wetu na akae apige hesabu yake kama Hadhrat Umar alivyopima nafaka, kwa kipimo na wala si kwa kukisia. Juma hili nimekula milo mingapi nisiyoitolea jasho? Fedha ambayo ingenunua chakula hicho imebaki mfukoni mwangu: iko wapi? Kama ni mlo mmoja kwa juma, basi mlo mmoja kwa juma na uende kwa jirani ambaye moto wake hauonekani kuwaka jioni. Hapo mtu atakuwa na haki ya kusema kwamba ameshinda chakula cha mwaka mzima, maana kitamngojea mahali ambapo mabuu hayafiki.

Ewe Mwenyezi Mungu, Mlishaji wa ndege watokao asubuhi na matumbo matupu, turuzuku kilicho halali, utuondolee tamaa ya kula hasara ya wenzetu, na utufanye milango ambayo neema Yako hupita, si kuta zinazoizuia. Amin.